Maziwa ya Tukuyu, klipu ya WhatsApp na let-7: kisa cha mtoto wa mdogo wangu

Nimekaa na hii stori tangu mwezi wa pili, nimeona bora niiandike yote kwa urefu wake, maana kila nikiisimulia kwa kifupi watu wanaishia kumlaumu wifi yangu na mi sitaki alaumiwe. Inahusu mtoto wa mdogo wangu, ng'ombe wa mama, na kitu kidogo sana cha ndani ya seli kinaitwa let-7 ambacho mpaka siku ile kwenye familia yetu nzima nilikuwa nakijua mimi peke yangu, kwa sababu nimesomea mambo ya maabara.

Mdogo wangu na mkewe wanaishi Mbeya mjini, wifi anauza nguo Mwanjelwa, anatoka alfajiri anarudi giza limeingia. Mtoto alipofikisha mwaka na miezi mitatu wakamwachisha ziwa, wakamleta kwa mama yangu huku Tukuyu, jambo la kawaida tu kwetu, bibi ndio mlezi. Mama ana ng'ombe wawili wa kisasa, mmoja anakamuliwa, na anayeijua Rungwe anajua maziwa kule ni kama maji, asubuhi chai ya maziwa, mchana ndizi zimetiwa maziwa, jioni mtindi. Yule mtoto akawa anapata kama nusu lita kwa siku. Alikuja na kilo 9.5, mwezi wa kumi na moja kliniki wakaandika 10.0, mstari kwenye kadi unapanda, kila mtu kafurahi.

Mwezi wa kumi na mbili mwanzoni simu ikaja kutoka mjini. Wifi anamwambia mama, kwa heshima zote, mama naomba mtoto asipewe tena maziwa ya ng'ombe, hata kwenye uji asiwekewe. Mama akadhani kaambiwa na daktari, akakubali. Hakuuliza sana. Halafu baba alipokuja kusikia akakasirika kweli, lakini kwa mila za Kinyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe wake zamani hata njia moja walikuwa hawapishani, na mpaka leo nyumbani kwetu baba hawezi kumpigia mkamwana simu kumuuliza jambo la hivyo, kwa hiyo hasira zikabaki zinazunguka mle ndani, mama anaambiwa, mama anamwambia mdogo wangu, mdogo wangu anamwambia mkewe, kila anayepokea anaongeza ya kwake.

Mwezi wa kwanza mwanzoni uzito ukawa bado uleule 10.0. Mwisho wa mwezi 9.8. Nesi akaandika kwa kalamu nyekundu na kumwambia mama huyu mtoto anakula nini? Anakula uji wa mahindi, chai ya rangi, ndizi, maharage kidogo, yai mara moja moja. Mama akalia siku ile, akanipigia mimi Iringa.

Nikaomba ruhusa kazini nikapanda basi, Makambako, Igawa, mpaka Uyole, pale nikashuka nikachukua kosta ya Tukuyu. Mvua ilikuwa inanyesha kuanzia Kiwira, mashamba ya chai hayaonekani kwa ukungu, na njia nzima nilikuwa naisikiliza kwenye simu ile klipu ya WhatsApp iliyomfanya wifi akataze maziwa, maana nilikuwa nimemwomba wifi anitumie. Nimeisikiliza kama mara sita.

Klipu ni ya dakika nne. Sauti ya mwanaume, Kiswahili kizuri, kimepangwa. Anasema kwenye maziwa ya ng'ombe kuna kitu kinaitwa mikroRNA, kwamba hiki kitu ng'ombe amekitengeneza kwa ajili ya ndama wake, ni maagizo ya kumkuza ndama, na mtoto wa binadamu akinywa yale maagizo yanaingia kwenye damu yake yanabadilisha jeni zake, anakua kama ndama, na mbeleni ni kansa. Anaitaja let-7 kwa jina. Anaweka picha ya Victor Ambros na Gary Ruvkun, wale Wamarekani wawili waliopata tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024, kama vile wao ndio wamesema.

Sasa kitu ambacho nataka kila mtu akielewe kwenye hiki kisa ni hiki: nusu ya ile klipu ni kweli. Maziwa ya ng'ombe yana mikroRNA, yaani vipande vifupi sana vya RNA, molekuli ambayo ni ndugu wa DNA, na nyingi tu. Inayoongoza kwa wingi inaitwa miR-148a, na za ukoo wa let-7 nazo zimo kwenye zile zinazoonekana kwa wingi. Na ni kweli hizo molekuli kazi yake ni kudhibiti jeni. Wifi alivyoanza kumweleza mumewe, mdogo wangu akamjibu kwa mkato, huo ni uongo, maziwa hayana vitu kama hivyo, acha kusikiliza wajinga. Wifi hakubisha. Akaenda kutafuta mwenyewe kwenye simu usiku, akakuta ni kweli maziwa yanavyo, tena imeandikwa na wanasayansi, tena mpaka jina let-7 lipo. Jiweke wewe kwenye nafasi yake. Mumeo kakwambia hakuna, umetafuta umekuta kipo, utamwamini nani tena, mumeo au yule wa kwenye klipu? Kwa maoni yangu mtoto alipungukiwa uzito kuanzia siku ile ya lile jibu kuliko siku ya klipu yenyewe. Nimemwambia mdogo wangu hivyo na amekubali.

Basi nilichokifanya sikuanza na kukanusha. Wifi alikuja Jumamosi jioni, tukakaa jikoni mimi na yeye na mama, mtoto kalala. Nikamwambia wifi, uliyoyasoma ni kweli, imo. Akanyamaza, akaniangalia, alikuwa amejiandaa kugombana. Tukaanzia hapo.

Nikamweleza hiyo let-7 ni nini, na hapa nitaeleza kirefu kidogo maana bila hii sehemu mengine yote yanaelea.

Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, jina lake la kisayansi ni Caenorhabditis elegans, urefu kama milimita 1, hauumi mtu wala haukai tumboni mwa mtu. Wanasayansi wanaupenda kwa sababu mwili wake unaonekana kupenya kama kioo na seli zake zinahesabika. Mwaka 1993 Ambros na wenzake, na Ruvkun na wenzake, walikuta kwenye huo mnyoo jeni linaitwa lin-4 ambalo halitengenezi protini yoyote, linatengeneza kipande kifupi tu cha RNA, herufi kama 22 (herufi ni vile vijenzi vyake vinne, A, U, G na C), na hicho kipande kinazuia jeni lingine lisifanye kazi. Miaka saba watu walichukulia ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun wakapata la pili, let-7. Hilo jina linatokana na kifo, "let" ni kifupi cha neno la Kiingereza "lethal", yaani kinachoua, kwa sababu mnyoo ambao let-7 yake imeharibika haufanikiwi kuvuka vizuri kutoka utoto kwenda utu uzima, seli za ngozi yake zinarudia mambo ya utotoni, na mwisho unapasuka unakufa. Yaani let-7 ndiyo inayoziambia seli basi, utoto umeisha, sasa kueni.

Halafu mwaka huohuo 2000 wakaenda kuangalia kwa wanyama wengine, na hapa ndipo dunia iliposhtuka. Wakaikuta kwa inzi, kwa samaki, kwa kuku, kwa binadamu. Kwenye mimea hawakuikuta, kwenye bakteria hawakuikuta. Na sio kitu kinachofanana fanana, ni kilekile. Niliandika kwenye karatasi ya mgongo wa daftari la mama la hesabu za maziwa, let-7 ya mnyoo, na let-7a (aina moja ya let-7) ya ng'ombe, ya kuku na ya binadamu, mistari minne imepangwa juu na chini:

UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU

Mara nne. Herufi 22, hakuna hata moja iliyopishana. Nikampa wifi akague mwenyewe kwa kidole, akakagua herufi moja moja mpaka mwisho, akarudia.

Kwa binadamu ni ukoo mzima, jeni 12, ukiwahesabu na ndugu yao mmoja anayeitwa miR-98. Wengine wanapishana herufi moja tu, kwa mfano let-7a na let-7c tofauti yao ni herufi ya 19, mmoja ana A mwingine ana G. Lakini wote wana kipande kimoja cha mwanzo ambacho hakibadiliki, herufi saba kuanzia ya pili, GAGGUAG, hicho ndio kinachoshika ujumbe wa jeni linalozuiwa, ndio kama paji la uso la ukoo, ukikiona unajua huyu ni wa kwao. Mama aliposikia hilo akasema kama sisi wa Mwa, majina tofauti mwanzo mmoja. Na kweli ni hivyo hivyo, sikuwa na mfano bora wa kumzidi.

Kuhusu kubadilisha jeni, nikatumia sanduku la kikoba maana wifi ni mwekahazina wa kikoba chao. DNA ni daftari kubwa lililofungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Seli ikitaka kutengeneza protini hailitoi daftari, inanakili ukurasa mmoja kwenye karatasi, hiyo karatasi inatoka nje kwenda kufanyiwa kazi. MikroRNA inakutana na karatasi huko nje, inaishika, inazuia isisomwe au inaifanya ichanwe mapema. Sanduku haligusi. Daftari haliandiki. Kwa hiyo ile sentensi ya klipu kwamba inabadilisha jeni za mtoto sio kweli hata kwa let-7 ya mtoto mwenyewe inayozaliwa ndani ya seli zake, achilia mbali ya ng'ombe. Inapunguza tu sauti ya baadhi ya jeni kwa muda. Wifi akauliza swali zuri sana, kwamba hata kama haibadilishi daftari, si ikizuia karatasi nyingi bado ni madhara? Ndio, ingekuwa madhara kama ingefika, na ingefika kwa wingi. Hayo ni mambo mawili tofauti, tukayachukua moja moja.

La kwanza, je inafika? Hapa nilimwambia ukweli wote, pamoja na ule unaompa nguvu yule wa klipu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nanjing, China, walitoa utafiti wakisema wameikuta mikroRNA ya mpunga inaitwa miR168a kwenye damu ya watu, na kwamba kwa panya inazuia jeni moja la ini. Ilikuwa habari kubwa dunia nzima. Mwaka 2013 wengine wakarudia kwa panya, wakalisha wali, hawakuona hicho kitu, na makundi mengine nayo yakakuta kinachoingia ni kidogo mno au hakuna. Halafu mwaka 2014 chuo kikuu cha Nebraska, Marekani, wakasema watu wazima wachache walionyweshwa maziwa kuanzia robo lita mpaka lita 1 walipanda kiwango cha mikroRNA mbili kwenye damu, miR-29b na miR-200c. Hii ndio mama wa zile klipu zote, ukizifuata zote zinaishia hapo. Ila baadaye sampuli zilizobaki za watu walewale zikapimwa upya kwenye maabara nyingine na ule upandaji haukuonekana. Mjadala haujafa kabisa, wapo wanaoendelea kuutetea, sikumficha.

Lakini angalia ugumu wenyewe ulipo, na hii ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kama let-7a ya ng'ombe na ya mtoto ni herufi zilezile 22, ukiikuta kwenye damu ya mtoto utajuaje ni ya ng'ombe? Hujui. Huwezi kujua kwa kuipima tu. Ni kama kumwaga ndoo ya maji ya Kiwira kwenye mto Kiwira halafu uulize maji yangu yapo wapi. Kwa hiyo mwaka 2015 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, wakafanya kitu cha akili. Walichukua panya wadogo waliozaliwa bila jeni za mikroRNA fulani, kundi moja halina miR-375, jingine halina miR-200c na ndugu yake miR-141, yaani mwili wao hauwezi kuzitengeneza kabisa. Wakawapa mama wa kunyonyesha ambao ni wazima, maziwa yao yamejaa hizo mikroRNA. Sasa hapo ukikuta hata chembe kwenye mwili wa yule mtoto wa panya imetoka kwenye maziwa tu, haina pengine pa kutoka. Wakatafuta kwenye utumbo, kwenye damu, kwenye ini, kwenye bandama. Hawakuona ushahidi kwamba inaingia. Na hao ni vichanga wa panya wanaoishi kwa maziwa matupu, ya mama wa aina yao, mabichi yanatoka kwenye chuchu, sio nusu lita iliyochemshwa.

La pili, wingi. MikroRNA ili ifanye kazi inayoonekana ndani ya seli kwa kawaida inahitajika nakala mamia na zaidi katika seli moja, na seli zetu zilizokomaa zina let-7 zake maelfu, zinajitengenezea wenyewe. Ya kwenye chakula inakutana na vimeng'enya vinavyokata RNA kuanzia mate, kongosho ndio usiseme. Ni kweli ile ya kwenye maziwa inajificha ndani ya vijimfuko vidogo vya mafuta vinavyoikinga kiasi, lakini kuyachakata na kuyapasha moto maziwa viwandani kunapoteza sehemu kubwa. Chukua kitakachobaki, kama kipo, ukigawe kwa seli zote za mtoto wa kilo 10. Hesabu haifiki popote.

Halafu nikamuuliza wifi, ulipokataza maziwa ukasema apewe nini badala yake? Akasema mayai, na supu ya kuku akipatikana. Nikamwonyesha ile karatasi, mstari wa kuku. Alicheka, mara ya kwanza jioni ile, halafu machozi yakamtoka. Akauliza kwa sauti ya chini, na maziwa yangu mimi niliyokuwa namnyonyesha? Yana let-7 pia, nikamwambia, na ile miR-148a ndiyo inayoongoza kwa wingi kwenye maziwa ya mama kama kwenye ya ng'ombe, herufi kwa herufi sawa. Ile sauti ya kwenye klipu iliyosema ni maagizo ya ndama ilikuwa inasoma kitu ambacho wifi mwenyewe alimpa mwanawe mwaka mzima na robo.

Na kansa je? Kwa let-7 hapo klipu imegeuza mambo juu chini kabisa. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba let-7 inazikandamiza jeni za RAS, ambazo zikichachamaa ni moja ya njia kubwa za kansa, na kwenye uvimbe mwingi wa kansa let-7 inakutwa imeshuka, haijapanda. Kwenye seli changa za kiinitete kuna protini inaitwa LIN28 inayoizuia let-7 isikomae ili seli ziendelee kuwa changa, halafu mwili unavyokomaa LIN28 inapungua let-7 inapanda. Kwa hiyo ukimtisha mama kwa let-7 umemtisha kwa kitu ambacho ndani ya mwili ni kama breki. Simaanishi maziwa yanatibu kansa, hapana, maana kama haiingii kwa ubaya haiingii kwa uzuri pia, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu najua kesho atatokea mwingine anauza unga wa maziwa wa let-7.

Mpaka hapo mtu angedhani kisa kimeisha. Hakikuwa kimeisha. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, kwa nini wifi, mwanamke mfanyabiashara, anayepokea klipu ishirini kwa siku za kila aina, hii moja ndio imshike? Nikamuuliza hivyohivyo. Akamwangalia mama kwanza, akasita. Mama akasema sema tu mwanangu. Ndipo akasema mwezi wa kumi alikuja kumwona mtoto, akamkuta anaharisha, na wiki mbili baadaye akaharisha tena, na mara zote mbili ilikuwa baada ya kunywa maziwa asubuhi. Alinyamaza kwa heshima. Hakutaka mkwe wake aone analaumiwa kwa malezi. Akakaa na wasiwasi wake zaidi ya mwezi mzima hauna jina, halafu klipu ikaja ikaupa jina.

Nikamgeukia mama, mama maziwa ya mtoto unayafanyaje? Akasema yanatoka kwa ng'ombe, yanapashwa kidogo yawe ya vuguvugu, anapewa. Hayachemki? Akasema yakichemka nguvu yake inakwisha, bibi yenu alitulea hivyo sisi wote. Na dumu la kukamulia? La plastiki, la mafuta ya kula la zamani, linasuuzwa kwa maji ya baridi. Nikaenda kuliona, mdomo mwembamba mkono hauingii, ndani pembeni kuna ukoko wa njano.

Hapo ndipo tatizo lenyewe lilikuwa. Wifi hakukosea kuogopa yale maziwa. Alikosea kitu cha kuogopa ndani yake. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa kuharisha, brusela ile inayotupisha ng'ombe mimba na kumletea mtu homa zisizoisha, na TB ya ng'ombe. Hayo yote yanakufa yakichemka. Kama jibu la kwanza alilopewa lingekuwa "kwani umeona nini?" badala ya "uongo huo", tungefika kwenye lile dumu mwezi wa kumi na mbili, na mtoto asingepoteza miezi miwili na zaidi. Na hata mimi nisijitoe, maana nilipigiwa mwezi wa kwanza mwishoni nikasema nitakuja nikipata nafasi.

Upande wa lishe ni rahisi, sitaukalia sana. Nusu lita ya maziwa ina kama kalori 300 na protini kama gramu 16, na mtoto wa umri ule protini anayohitaji kwa siku ni kama gramu 13. Ukiyatoa hayo ukamwachia uji mwepesi na chai ya rangi, tumbo linajaa maji na wanga, uzito lazima usimame. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linasema mtoto wa miezi 12 mpaka 23 asiyenyonya apewe maziwa ya wanyama. Nilimwonya mama pia asizidishe akadhani anafidia, maana maziwa yakiwa mengi kupita kiasi mtoto anashiba anaacha kula vingine na madini ya chuma yanapungua, kwa hiyo nusu lita ileile, na uji uwe mzito, maharage yapondwe, na dagaa.

Baba alikuwa anasikiliza yote akiwa kibarazani, mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na kila mtu alijua anasikia. Asubuhi alimwita bwana mifugo aje kuwaangalia wale ng'ombe na kiwele, bila kumwambia mtu. Mama naye alienda dukani mwenyewe Tukuyu mjini, akanunua ndoo ya aluminiamu yenye mdomo mpana na mfuniko, na sufuria moja ndogo ambayo alisema ni ya maziwa ya mtoto tu, isiguswe na mboga. Anayachemsha mpaka yanapanda juu, anakoroga, yanapanda tena, ndio anaepua. Mara ya kwanza alisimama pale jikoni anayatazama yanavyochemka, uso wake una huzuni kidogo, nadhani alikuwa anamuwaza mama yake.

Mwezi wa nne wakampeleka kliniki, kilo 10.6. Hajaharisha tangu siku ile. Mdogo wangu alinitumia picha ya kadi saa hiyohiyo, mstari umeinuka.

Wifi klipu hakuifuta. Ameiacha kwenye simu, na kwenye grupu la kikoba chao mtu akiituma tena yeye anajibu kwa sauti, dakika mbili tatu hivi, anaanza na maneno "ni kweli imo", halafu anawauliza wenzake mnachemsha? Wiki iliyopita alinipigia kuniuliza, kuna mwenzake ameuliza, mtindi unaogandishwa kwa maziwa mabichi nao vipi, maana wazee wanasema yakichemshwa hayagandi vizuri. Nikamwambia yachemshe kwanza, yaache yapoe mpaka ya vuguvugu, halafu tia kijiko cha mtindi mzuri wa jana, funika, yatagandia usiku.

Akasema ngoja nimrekodie hivyohivyo, rudia pale kwenye kijiko.